Wale wa Mwau

Watu wa ploti alimoishi Kavata, hapo Kitui mjini, walimjua kama daktari asiyetibu. Ukimpelekea kikohozi, atakuelekeza hospitalini. Ukimpelekea mbuzi anayeharisha, atakuelekeza kwa daktari wa mifugo. Wakabaki kujiuliza, sasa huyu alisomea nini miaka yote hiyo? Jirani mmoja, ambaye Mungu alipogawa haya yeye alikuwa sokoni, alimuuliza waziwazi siku moja wakianika nguo, na Kavata akamjibu kwamba yeye ni mfugaji.

"Unafuga nini?"

"Vidudu."

Jirani alicheka mpaka akashikilia kamba ya nguo. Akaisambaza habari ile mlango kwa mlango, na tangu siku hiyo watoto wa ploti wakamwita Mama Vidudu. Kavata hakukasirika. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, hana mume wala mtoto, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumpa jina lenye mama ndani yake.

Na alifuga kweli, si mzaha. Katika chumba kimoja nyuma ya chuo alikofundisha kulikuwa na kabati la umeme lililotunza ubaridi wa kivulini hata mji ukiungua kwa jua la Februari. Stima ikipotea, alilifunika kwa taulo mbichi na kukaa kando yake akilipepea kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na chupa bapa zenye maji ya rangi ya chai ya strungi iliyopauka. Kwa macho matupu huoni kitu. Weka tone moja chini ya darubini, utaona umati: vimelea wembamba, warefu, kila mmoja na mkia wake uliotangulia mbele, wakihangaika huku na huko kila mmoja na shughuli zake. Kila mmoja ni seli moja tu. Hana mama, hana ndugu. Akikua anajipasua katikati, na huyo aliyetoka ubavuni mwake huenda zake bila kuaga.

Hao ndio wanaoleta kala-azar, ugonjwa wa wengu. Visubi wasio na sauti, wanaojificha kwenye mashimo ya vichuguu, humuuma mtu jioni akiwa anapumzika, na vimelea wakaingia. Homa inakuja, inaenda, inarudi. Tumbo linavimba upande wa kushoto na mwili mwingine wote unakauka. Huko Nuu wanaujua ugonjwa huo, na nyumbani kwao Kavata waliujua kuliko walivyotaka.

Mwau alikuwa ndugu yake wa pekee, mdogo wake, kijana wa miaka kumi na tisa aliyependa kukaa juu ya kichuguu jioni akingoja mbuzi warudi, akipiga mluzi vibaya mno. Alichomwa sindano mwezi mzima hospitalini. Wenzake wa wodi ile walipona kwa sindano hizo hizo, wakaenda kwao wakitembea. Mwau alirudi Nuu ndani ya sanduku. Kavata, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alipouliza kwa nini, daktari alimwambia kwa upole kwamba kuna wakati dawa hukataa. Jibu hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Dawa haina mdomo, inakataaje?

Kabla hajafa, walikuwa wamemtoa Mwau uboho kidogo mfupani ili kuthibitisha ugonjwa. Mtu wa maabara akauotesha ndani ya chupa, akawagandisha vimelea waliotokea, akaendelea na kazi zake. Miaka ikapita. Kavata akasoma, akasoma tena, na siku alipokwenda kuomba sampuli za zamani za Kitui kwa ajili ya utafiti wake, akamkuta ndugu yake humo: mwanamume, Nuu, miaka kumi na tisa, na tarehe ambayo hangeweza kuisahau. Akachukua kichupa hicho, cha pekee kilichobaki. Hakumwambia mtu kwamba mwenye sampuli ni ndugu yake.

Hivyo kabatini mlikuwa na koo mbili. Kulia walikaa wageni, vimelea wa maabara wanaojulikana dunia nzima, ambao kila mtafiti huwa nao ili apate cha kulinganisha. Wageni wamelelewa chupani vizazi na vizazi, ni walafi na wanazaana upesi. Kushoto walikaa wa Mwau, wapole, wazito wa kukua, wanaotaka kubembelezwa. Wote walikula Jumatano na Jumamosi, supu ya chumvi na sukari na seramu ya ndama. Ukichelewa wanalegea, ukisahau wanakufa. Ndiyo maana Kavata hakuonekana harusini, mazishi aliyaendea asubuhi na kurudi jioni, na Krismasi aliisikia kupitia ukuta wa jirani.

Mama yake, ambaye kwa Kikamba alimwita mwaitu, alipiga simu kutoka Nuu kila Jumapili baada ya ibada. Hakuuliza habari za kazi wala za mume. Hayo yalikwisha kuzungumzwa, yakachacha, yakamwagwa. Aliuliza jambo moja tu.

"Wale wa Mwau wamekula?"

"Wamekula, mwaitu."

"Haya. Mungu akubariki."

Na simu inakatika. Mwaitu hakuwa mtu wa kuzungumza sana na uso asiouona.

Alichokuwa akitafuta Kavata kilikuwa ndani kabisa. Kimelea, pamoja na udogo wake wote, si gunia tupu. Ndani yake mna vifuko, kila kifuko kimezungushiwa utando mwembamba, na kwenye utando huo zimechomekwa protini ambazo kazi yao ni kusimamia mlango: hii inaingiza, ile inatoa. Wapo vimelea ambao katika tando hizo za ndani wana protini za aina fulani nyingi kupita kiasi. Dawa ikiingia, protini hizo zinaidaka na kuisukuma ndani ya kifuko, na huko inabaki bila kumdhuru kimelea, kama kidonge ambacho mgonjwa mkaidi amekificha shavuni mpaka nesi apite. Sindano imechomwa, dawa imefika, lakini imefungiwa stoo. Kavata aliamini ndivyo ilivyokuwa kwa Mwau. Alitaka kuiona milango hiyo, aseme, hii hapa, hii ndiyo iliyomuua ndugu yangu. Hakutaka kingine maishani, na kama alitaka, alikuwa amesahau.

Kuziona protini hizo huna budi kuwavunja vimelea wenyewe. Unawakuza kwa mamilioni, unawapasua taratibu, unawazungusha kwa mashine hadi vizito vishuke na tando zibaki peke yake, kama bibi zake walivyotikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi ikajitenga. Kila alipofika hapo Kavata alinong'ona, "Nisamehe," halafu akajiona mjinga. Lakini hakuwavunja wote hata mara moja. Alibakiza chupa ya mbegu, kwa kuwa mfugaji mwenye akili hachinji jike la mwisho.

Na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Milango ya wa Mwau ilikuwa michache, ya kawaida, sawa kabisa na ya wageni. Kavata akashuku mashine. Akashuku kemikali. Akashuku hata maji ya Kitui, ambayo kwa kweli yanastahili kushukiwa. Akashuku kila kitu isipokuwa mkono wake.

Jambo moja tu liliwahi kuwagombanisha mama na binti, nalo lilikuwa Mwau huyo huyo. Mama alikataa katakata mwanawe afe bila mtoto. Kwa Wakamba dawa ya jambo hilo ipo tangu zamani: mama mwenyewe anaoa. Anapeleka mbuzi kwa watu, analeta msichana nyumbani, na watoto atakaowazaa msichana huyo, baba wa kuwazaa awe yeyote, ni watoto wa marehemu kwa jina na kwa shamba. Msichana huyo huitwa iweto. Mchungaji aliposikia alikasirika, akamweka mama viti vya nyuma kanisani, bila meza ya Bwana. Mama akakaa huko nyuma na kuimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima. Akamleta Kasyoka, msichana mkimya wa kutoka ng'ambo ya mto, na baada ya mvua kunyesha na kunyesha tena, Kasyoka akajifungua.

Simu ilimkuta Kavata akiwalisha, chupa mkononi.

"Mwau amepata mtoto," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi usichana. "Msichana. Amechukua jina langu, ni Kanini."

"Mwaitu, huyo si damu ya Mwau."

"Ni wa Mwau."

"Damu ni nzito kuliko maji. Kitu cha Mwau kilicho hai duniani ninacho mimi hapa, kwenye chupa. Huyo ni mtoto wa watu."



"Haya," mama akasema. "Walishe."

Tangu hapo Kavata hakukanyaga Nuu. Kisingizio alikuwa nacho, tena cha kweli: Jumatano na Jumamosi. Mama aliendelea kupiga kila Jumapili na kuuliza swali lake, na mtoto hakumtaja tena. Mtoto akatambaa, akasimama, akaota meno na kung'oa mengine, na shangazi yake wa Kitui hakuujua hata uso wake.

Mwaka huu, kabla ya mvua za Machi, Kavata alichoshwa na majibu yale yasiyobadilika. Akatoa DNA ya koo zote mbili, akamtumia Wariara, rafiki yake wa masomo mwenye mashine ya kuzisoma huko Nairobi. Wariara alipopiga simu alianza kwa utani.

"Kavata, umeanza kuzeeka. Umenitumia sampuli moja mara mbili."

"Nimekutumia mbili tofauti."

"Lebo ndizo tofauti. Ndani ni kitu kimoja. Hawa wote ni wale wa kawaida, wale kila mtu ako nao. Nimerudia tena nikidhani ni mimi nimekosea." Utani ukaisha. "Pole, dada. Hii kitu hufanyika. Imefanyika hadi kwa maabara kubwa kubwa."

Kavata alishukuru, akakata simu, akakaa sakafuni.

Alijua ilivyotokea, maana huwaonya wanafunzi wake kila mwaka. Kila ukoo uwe na chupa yake ya chakula na bomba lake la kunyonyea. Lakini seramu ilikuwa adimu, ikija kwa kuchelewa, na kuna nyakati alitengeneza chakula cha koo zote mbili kwenye chupa moja, akawapa hawa, akawapa wale. Bomba lililogusa nyumba ya wageni linarudi kwenye chupa hiyo, na kutoka humo linakwenda kwa wa Mwau. Tone moja latosha. Mlafi mmoja akishaingia kwenye nyumba ya wapole, anakula chao, anazaa, na wanawe nao wanakula. Wa Mwau walipungua polepole mpaka akaisha wa mwisho, na mlezi wao hakuona kitu, kwa sababu chini ya darubini wote wana mkia na wote wanaogelea. Ilikuwa lini? Hakujua. Pengine ni ile siku ya simu ya mtoto, akiwalisha kwa hasira. Pengine ni Jumatano nyingine tu, isiyo na lolote la kukumbukwa. Milango aliyokuwa akiihesabu ilikuwa ya nyumba ya mtu mwingine.

Mwau alipokufa mara ya kwanza palikuwa na turubai, sufuria kubwa na akina mama wa kanisa waliomshika Kavata huku na huku asianguke. Alipokufa mara hii ya pili hapakuwa na mtu. Hakuna hata wa kumwambia, maana ungeanzaje? Angemwambia nani kwamba amefiwa na kitu kisichoonekana kwa macho? Alijiosha uso kwenye sinki, akaenda kufundisha darasa la saa nane.

Jumapili simu ikalia. "Wale wa Mwau wamekula?"

"Wamekula, mwaitu," akasema, na kwa mara ya kwanza alijua anadanganya.

Lilibaki tumaini moja. Alipowachukua wa Mwau, kabla hawajakaa na wageni hata siku moja, aligandisha kichupa kimoja cha akiba. Chuo hakikuwa na mtungi wa naitrojeni, ile baridi ya maji inayotoa moshi. Ukambani baridi hiyo wanayo watu wa ng'ombe, wale wanaozunguka na mbegu za madume bora na kupandisha ng'ombe bila dume kuonekana bomani. Kavata alikuwa amesoma shule ya upili na mmoja wao, Gedion, aliyefanya kazi Kibwezi, akampelekea kichupa akitunze. Gedion akakitumbukiza kati ya mbegu za madume, akaapa kwamba kitakaa hapo hata Yesu arudi.

Sasa alisafiri hadi Kibwezi, akamkuta kwenye kibanda chake cha mabati, malori ya Mombasa yakinguruma nje hadi ukuta ukatetemeka.

"Daktari! Nilijua tu siku moja utakuja kuchukua dume yako."

"Bado iko?"

"Iko." Gedion akafungua mtungi, moshi ukamwagika sakafuni, akauvua mkebe mdogo na kuuchungulia huku akiurudisha upesi. "Lakini wacha nikwambie ukweli. Nimebadilisha mtungi mara mbili, na jua ya hapa unaijua. Ukiinua kitu kidogo tu inaanza kuyeyuka, ukirudisha inaganda tena. Mbegu ya ng'ombe ikifanyika hivyo mimi hutupa. Yako sikuwa na roho ya kutupa."

"Kwa nini?"

Akamtazama kwa mshangao. "Si ulilia ukinipea?"

Kavata hakukumbuka kulia. Gedion akampa mtungi mdogo wa kubebea, akamfunika kwa maswali ya mume na watoto, akamsindikiza hadi barabarani.

Kitui, Kavata alikiyeyusha kichupa ndani ya maji vuguvugu. Akawatengea chumba kingine kabisa, chakula kipya ambacho hakuna mkono wala bomba lililokigusa. Siku ya kwanza akatazama. Walikuwepo. Warefu, wembamba, mikia mbele, mkao wa wa Mwau hasa. Hawakusogea. Akajiambia wamechoka na safari. Siku iliyofuata akatazama tena, akitikisa chupa kidogo, na walipopita mbele ya jicho lake moyo ukaruka, lakini yalikuwa maji tu yanayowabeba. Aliye hai huogelea, hawa walielea. Aliwaongezea chakula. Aliwaimbia hata wimbo wa kanisani, mlango ukiwa umefungwa, na ni vizuri jirani yule hakusikia.

Wiki ilipokwisha wakaanza kubomoka. Vifuko vya ndani vikapasuka tando zake, milango yote ikawa wazi na hakuna tena cha kulindwa. Walikuwa wachache mno na wameharibika mno kumweleza lolote kuhusu dawa iliyokataa. Swali lake la miaka yote hiyo lilikufa pamoja nao.

Ilikuwa Jumamosi. Kwenye kabati, wageni walikuwa wakingoja. Kavata alishika mpini wa mlango, akafikiri, akauachilia. Walikuwa wamekula vya kutosha kwa jina la mtu mwingine. Akafunga maabara, akaenda Nuu.

Alifika jua likiwa limeegemea kilima. Nyumba ilikuwa ile ile, na matuta ya shamba yalikuwa yamefukuliwa upya yakingoja mvua. Mama alikuwa nje ya jikoni akipepeta, amepungua mwili kuliko sauti yake ya simu. Kasyoka alikuwa ameenda sokoni. Mama alimwona binti yake akija, akaweka ungo chini polepole.

"Leo ni Jumamosi," akasema badala ya salamu. "Nani amebaki na wale?"

Kavata alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamtoroka.

"Hakuna wa Mwau, mwaitu. Walikufa zamani. Niliwachanganya na wengine kwa mkono wangu mwenyewe, na wale wengine wakawamaliza. Miaka hii yote nimekuwa nikilisha watoto wa watu."

Neno hilo, lile la siku ile ya simu, alilisikia lilipokwisha kutoka. Mama naye alilisikia. Angeweza kuliokota na kumrushia, alikuwa na haki, lakini hakufanya hivyo. Aliketi kwenye kigoda, akaanza kutoa mawe kwenye mahindi, moja moja, ilhali yalikwisha kutolewa.

"Ulipokuwa unawalisha, ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Ulikuwa unasema ni wa nani?"

"Wa Mwau."

"Basi."

"Basi nini, mwaitu? Haiendi hivyo. Ni wengine. Si wake hata kidogo."

"Mimi sisemi juu yao. Nasema juu yako." Mama akainua uso. "Mimi nilimwekea Mwau mtoto, na mtoto ananikimbilia nikirudi shambani. Wewe umekaa na chupa. Hilo ndilo lilikuwa linaniuma Jumapili zote, si kingine."

Kavata aligeuza uso upande wa boma, asionekane, na hapo ndipo alipoona kile kichuguu cha Mwau. Kilikuwa kimekua, kirefu kuliko mtu, chekundu kwenye mwanga wa jioni, na juu yake alikuwa amekaa mtoto wa kike mwenye gauni la njano, miguu inaning'inia mbele ya mashimo, anangoja mbuzi.

Hakujua alivyofika. Alijikuta tu amemnyakua mtoto, amemkumbatia kifuani, anamfuta miguu kwa viganja, mbele na nyuma, kana kwamba visubi ni vumbi.

"Usikae hapo! Jioni usikae hapo kamwe, unasikia? Kamwe!"

Mtoto alikuwa amekakamaa kwa woga, macho kwa bibi yake. "Susu! Huyu ni nani?"

"Ni anti yako wa Kitui," mama akaita kutoka jikoni.

Uso wa mtoto ukafunguka. Akamtazama Kavata vizuri sasa, macho, mdomo, halafu mikono, akaigeuza mikono ile kama anayetafuta kitu.

"Wewe ndiye unamlisha baba?"

Kavata akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameinamia ungo. Kumbe miaka yote hiyo, siku ambazo yeye alikataa hata kuulizia uso wa mtoto, mtoto alikuwa akilala akijua kwamba baba yake yuko Kitui, na kwamba shangazi yake hamwachi na njaa.

"Ndiyo mimi," akasema.

"Amekula?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Akalimeza.

"Hajakula, Kanini. Nilikuwa napeleka chakula mahali pengine. Nilikosea."

Mtoto akakunja uso, akafikiri jambo hilo kwa makini. Hakulia. Katika nyumba ile njaa ilikuwa jambo linalojulikana, na dawa yake pia.

"Susu amepika muthokoi," akasema. "Iko mingi."

Kavata akambeba hadi jikoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Akaonyeshwa sahani iliyokuwa ya Kanini, ya plastiki, iliyopasuka ukingo. Akapakua mahindi na maharagwe, akapuliza, akaketi sakafuni karibu naye na kumtazama akila, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe. Nje mbuzi walikuwa wakiingia bomani wenyewe. Mama alisimama mlangoni, na ingawa ilikuwa bado Jumamosi, hakuweza kulingojesha swali lake hadi kesho.

"Wa Mwau amekula?"

"Amekula, mwaitu," Kavata akasema, na machozi yakamtoka mbele ya mtoto.